Mwamba Ngoma: Juu ya Kuhukumu Albamu za Roki

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Methali hii yamhusu kila ajipendeleaye, lakini sijui mahali inapofaa zaidi kuliko katika mabishano ya wapenzi wa muziki. Mpe shabiki nafasi ya kuisifu santuri aipendayo, naye ataivuta ngozi mpaka ikaribie kupasuka. Kasoro za albamu ya mwenzake atazihesabu moja moja. Za albamu yake hatazisikia kabisa. Jambo hili nalijua vema, kwa kuwa nami nimo katika wakosaji.

Katika insha hii nataka tulichungue bishano moja mashuhuri la wapenzi wa roki. Kati ya Pet Sounds, iliyotolewa na kundi la Marekani liitwalo Beach Boys mwezi wa Mei 1966, na Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotolewa na Beatles wa Uingereza mwaka uliofuata, ni ipi bora? Nia yangu si kumlazimisha msomaji aifuate hukumu yangu, bali kumwonyesha jinsi hukumu inavyojengwa, na jinsi inavyobomoka.

Yafaa kwanza tujue habari za albamu zenyewe. Brian Wilson, kiongozi wa Beach Boys, aliposikia Rubber Soul ya Beatles iliyotoka mwaka 1965, alistaajabia jambo moja: nyimbo zake zote zilikuwa na uzito, wala hazikuwa mbili tatu nzuri zilizozungukwa na nyingine za kujazia nafasi. Akaazimia kufanya vivyo hivyo, tena kupita. Wenzake walipokuwa safarini wakiimba, yeye alibaki Los Angeles pamoja na wapigaji hodari wa kukodiwa, akaunganisha fidla, akodiani, pembe na kengele ya baisikeli. Hata chupa kubwa ya maji ikapigwa kama ngoma. Sikio lake la kulia lilikuwa karibu kuwa kiziwi, na sauti zote alizichanganya zitoke mahali pamoja. Nyimbo hizo zasimulia kijana anayeuacha utoto na kuogopa kwamba mapenzi hayatadumu.

Kazi hiyo ilivuka bahari. Paul McCartney wa Beatles aliihusudu sana, na George Martin, aliyesimamia kazi za kundi hilo studioni, alipata kukiri kwamba pasipo Pet Sounds, Sgt. Pepper isingalikuwapo. Beatles walikuwa wameacha kuimba mbele ya hadhara tangu Agosti 1966. Novemba walijifungia katika studio za EMI, Abbey Road, London, wakafanya kazi hadi Aprili kwa mashine za kunasa sauti zenye njia nne tu. Katika wimbo wa mwisho, "A Day in the Life", wanamuziki 40 wa okestra waliagizwa kila mmoja apande polepole toka sauti ya chini kabisa ya chombo chake hadi ya juu. Wimbo huo hukoma kwa mlio mmoja wa piano kadhaa zilizopigwa kwa pamoja, nao hufifia kwa muda wa zaidi ya nusu dakika.

Basi jioni moja, katika chuo cha ualimu ninakofundisha, tulikaa walimu kadhaa tukizungumza, na bishano hili likazuka. Mimi nilisimama upande wa Pet Sounds. Mwalimu mwenzangu akasimama upande wa pili.

"Mwalimu," akaniambia, "hiyo yako ni kilio cha kijana anayeogopa kuachwa na mchumba."

"Na yako ni sarakasi," nikamjibu. "Ina rangi na vishindo, lakini moyo haina."

Tukaendelea hivyo kwa saa nzima, kila mtu akiivuta ngozi yake. Hatimaye akaniuliza swali moja kwa upole: "Ule wimbo wa George Harrison unaofungua upande wa pili, umeusikiliza hadi mwisho mara ngapi?"

Nilinyamaza. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikiuruka, na wakati huo huo nikiihukumu albamu nzima. Aibu yangu ilizidi kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimempunguzia mwanachuo mmoja alama kwa kuhakiki riwaya ambayo hakuisoma akaimaliza. Kosa lake na langu lilikuwa moja. Tofauti ni kwamba yeye aliadhibiwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuvipima vipimo vyenyewe kabla ya kupima muziki. Vitatu kati ya vile tunavyovitumia kila siku naviona ni dhaifu.

Cha kwanza ni mauzo. Twasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika orodha ya mauzo ya Marekani Pet Sounds haikupanda kupita nafasi ya 10, ilhali Sgt. Pepper ilikaa nafasi ya kwanza majuma 15. Uingereza, Pet Sounds hiyo hiyo ilifika nafasi ya pili. Je, ilikuwa njema London na mbaya New York? Mauzo yatuambia watu walinunua nini. Hayatuambii walichokinunua kina thamani gani.

Cha pili ni orodha za wakubwa. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone la Marekani lilikusanya kura za wanamuziki na wahakiki, na Sgt. Pepper ikawa ya kwanza kati ya albamu 500, Pet Sounds ya pili. Kura zilipopigwa upya mwaka 2020, ya kwanza ilikuwa What's Going On ya Marvin Gaye, Pet Sounds ilibaki ya pili, na Sgt. Pepper ikateremka hadi nafasi ya 24. Katika miaka hiyo 17 haikubadilika hata noti moja ya albamu hizo. Waliobadilika ni wapiga kura. Orodha ni ushahidi wa masikio ya wakati fulani, wala si mwisho wa kesi.

Cha tatu ni jina la aina ya muziki. Kuna wasemao, "Hii si roki halisi," wakadhani wamemaliza maneno. Walipotokea vijana wa panki Uingereza mwaka 1976, wapenzi wao walidharau nyimbo ndefu zenye madoido, wakataka muziki mfupi na mkali. Lakini The Clash, kundi la panki lenyewe, lilipotoa London Calling mwaka 1979, mlikuwamo rege, ska na hata jazi. Jina la aina ni kibandiko cha mtungi: lakusaidia kuutafuta rafuni, lakini ladha ya kilichomo utaijua kwa kuonja.

Tutumie vipimo gani basi? Mimi napendekeza maswali matatu. Mtunzi alikusudia nini? Amelitimiza kusudi lake kwa ustadi gani? Na je, sehemu zote zashikamana, au nyingine zimepachikwa tu? Maswali haya hayana ajabu. Ndiyo yale yale tunayoiuliza riwaya au tamthilia darasani.

Tukiyauliza kwa haki, kila upande una la kujibu. Sgt. Pepper yadai kuwa ni onyesho la bendi ya kubuni. Bendi hiyo twaipata mwanzoni, na tena karibu na mwisho, katikati imesahauliwa. John Lennon mwenyewe alisema baadaye kwamba nyimbo zake hazikuhusiana na wazo hilo. Hata hivyo, nilipousikiliza hatimaye wimbo wa Harrison wote, dakika zake tano, nilisikia fidla za Kizungu zikiufuata mtelezo wa ala za Kihindi kwa unyenyekevu mkubwa, na mwishoni kicheko cha watu, kana kwamba mtunzi ajicheka asije akajivuna. Sarakasi haifanyi hivyo. Neno langu nalifuta.

Pet Sounds nayo haikosi dosari. "Sloop John B", wimbo wa kale wa visiwa vya Bahamas, wasimulia taabu za safari ya baharini katikati ya masimulizi ya mapenzi. Waonekana kama mgeni aliyeingia nyumba isiyo yake. Jambo hilo mwenzangu alilisema, nami sikuwa na jibu.

Hukumu yangu ni hii. Wimbo mmoja mkuu kuliko zote katika albamu hizi mbili ni "A Day in the Life", na huo ni wa mwenzangu. Lakini albamu iliyo kitu kimoja, ambayo ukiitoa nyimbo yoyote, isipokuwa ile ya baharini, utasikia pengo, ni Pet Sounds. Kwa kuwa tulikuwa tukihukumu albamu, si wimbo mmoja, naiweka mbele, ingawa si mbele sana kama nilivyodai jioni ile.

Mwaka 1967, Richard Goldstein aliandika katika gazeti la New York Times kwamba Sgt. Pepper ilikuwa na madoido mengi kuliko maana, na barua za kumpinga zikamiminika. Mimi simwungi mkono kwa yote, lakini alitaja sababu zake waziwazi, na mwenye kutaja sababu aweza kujibiwa. Nanyi, wanafunzi, mtakapobishana juu ya muziki mnaoupenda, bishaneni kwa nguvu, hapana ubaya. Ila sikilizeni kwanza upande wa pili, hadi mwisho.