Jiko la Kuni Hupimwa kwa Nafasi Zake

Mnunuzi akifika kwa fundi wa majiko, kwanza hulinyanyua jiko. Likimlemea, anaridhika kwamba ni imara. Kisha anapapasa rangi, anatikisa vishikio, analipa. Kwa sufuria, uzito ni kipimo kizuri. Kwa jiko la kuni la aina ya roketi, uzito mara nyingi unaashiria kwamba fundi amejaza mchanga au saruji mahali palipotakiwa kitu chepesi chenye hewa ndani yake. Mwenye jiko hilo atakuwa akichoma kuni zake kuupasha mchanga joto, huku maharage yakingoja.

Jiko la roketi lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kituo cha Aprovecho, jimbo la Oregon nchini Marekani, kwa kazi ya Larry Winiarski. Leo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanalitengeneza, la bati la kubebeka au la matofali lililojengwa jikoni. Wazo lake ni kwamba kuni ziingie kwa chini, mwali ukunje kona na kupanda katika bomba fupi la udongo, na gesi ziungue kabisa kabla hazijafika kwenye chungu. Umbo la nje halina kazi kubwa. Kwa hiyo mwombe fundi akuonyeshe jiko ambalo halijafunikwa. Fundi anayejiamini hatakataa.

Anza na udongo wa ndani. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Kigae kigumu kilichochomwa vizuri hulia, na chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Lowesha kidole ukisugue ukingoni: kidole kikitoka na tope, tanuri haikupata moto wa kutosha. Kisha tafuta kipande kilichovunjika, maana kwenye karakana hakikosekani, uangalie katikati yake. Weusi katikati unaonyesha kwamba moto haukukaa vya kutosha kumaliza kazi. Baadhi ya mafundi huchanganya udongo na vumbi la mbao. Vumbi huungua tanurini na kuacha vitundu vidogo, na tofali linalotoka huwa jepesi kiasi kwamba lililo bora huelea majini. Hilo halitalia kama kigae, na mlio wake mdogo usikukatishe tamaa. Mimi napenda tofali hilo kuzunguka moto, lakini si mlangoni. Mlangoni kuni hugonga kila siku na tofali laini humeguka, kwa hiyo hapo pawe na kigae kigumu. Fundi aliyetumia udongo wa aina mbili katika jiko moja ameshafikiria namna mpishi anavyofanya kazi.

Kati ya udongo wa ndani na ukuta wa nje ndipo hasara nyingi hufichwa. Nafasi hiyo inataka jivu kavu lililochekechwa, au mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa, ambayo hupatikana maeneo ya Bonde la Ufa. Vitu hivi huzuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake. Ukilishindilia jivu kwa nguvu, unaifukuza hewa hiyo, kwa hiyo limwagwe na kugongwagongwa kidogo tu. Baadaye litashuka lenyewe. Muulize fundi utaliongezaje, na kama juu amefunga kwa saruji bila kuacha njia, hilo ni kosa la kweli.

Sasa chukua rula, maana hapa jicho hudanganya. Kanuni ni kwamba njia ya moto ibaki na eneo lile lile tangu mlangoni hadi chini ya sufuria. Chukua mlango wa sentimita 12 kwa 12: eneo lake ni sentimita za mraba 144. Bomba la juu nalo liwe na 144. Moto ukitoka kwenye mdomo wa bomba unapita pande zote nne, yaani ukingo wa sentimita 48, hivyo sufuria iinuliwe sentimita 3 juu ya mdomo huo. Kadiri moto unavyoelekea nje duara linapanuka, na nafasi inapaswa kupungua. Ukingoni mwa sufuria yenye kipenyo cha sentimita 30, mzunguko ni kama 94, na inatosha sentimita 1.5. Mafiga yakiwa marefu kupita hapo, joto linapita mbali na sufuria na kupotea. Yakiwa mafupi mno, moto unakosa njia, moshi unarudi mlangoni na makaa yanarundikana. Nimeona majiko mazuri sana yaliyoharibiwa na mafiga yaliyochomelewa kwa kukisia tu.

Mlangoni pawe na kitako cha chuma cha kulalia kuni, chenye nafasi ya hewa chini yake, na kiishie kabla ya kufika motoni ili ziungue ncha tu. Jiko lisilo na kitako hicho huvuta hewa baridi juu ya kuni na kuupoza mwali.

Jiko jipya lisiwashwe kwa haraka. Tope la kuungia likauke kivulini kwanza, kisha washa vijiti vichache, uache lipoe, urudie, mpaka unyevu uishe. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakichemka ghafla, kigae hupasuka. Baada ya hapo jaribu kwa kuni kavu, nyembamba kiasi cha kidole gumba. Moshi wa mwanzo si hoja. Moto ukishika, mwali uelekee ndani kwa mvuto wenyewe na usirambe nje ya mlango. Kitako cha sufuria kipate masizi machache. Weka kiganja karibu na ukuta wa nje maji yakiwa yanachemka: ukichoma, jivu halifanyi kazi yake. Dirisha la jikoni libaki wazi hata hivyo, kwa kuwa jiko lisilo na bomba la moshi hupunguza moshi tu.

Mwisho, uliza kuhusu vipuri. Chuma cha kawaida kikiwekwa katikati ya moto huliwa na kutu na joto mpaka kinatoboka, na kigae cha sakafu ya moto hupokea mapigo yote ya kuni. Fundi bora hujenga kigae hicho kiweze kuchomolewa bila kubomoa jiko, na huwa na vingine vya kipimo hicho hicho rafuni.