Polinomia Kutoka Mizizi Yake

Tumezoea mwanafunzi apewe mlinganyo, atafute mizizi. Wanaosoma tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hukutana pia na kazi ya upande wa pili: mizizi imeshatajwa, polinomia ndiyo inayotafutwa. Naipenda zaidi hii, kwa sababu hapa mkono wa mtu huonekana. Wawili watafikia jibu lile lile, mmoja kwa mistari michache safi, mwenzake kwa kurasa mbili za kufutafuta.

Mwalimu niliyemtazama Nachingwea, mkoani Lindi, ni mtu wa mistari michache. Aliandika ubaoni: mizizi ni 3 na 2 + i, namba zote ndani ya polinomia ziwe halisi, kipeo kiwe cha chini kabisa, grafu ipite kwenye nukta (1, 8). Akaweka chaki chini, akasubiri.

Alitaka waone wenyewe kwamba mizizi iliyotajwa ni miwili, lakini iliyopo ni mitatu. Herufi i ni kipeuo cha pili cha hasi moja. Ikiwa 2 + i inaleta sifuri, geuza alama ya kila i katika hesabu nzima: namba halisi hazibadiliki, sifuri inabaki sifuri, na 2 − i nayo imekuwa mzizi.

Mwenye haraka ataandika mabano matatu, (x − 3)(x − 2 − i)(x − 2 + i), kisha aanze kuzidisha kutoka kushoto. Si kosa, ila i itamfuata mstari kwa mstari, na alama moja ya kutoa ikimponyoka, kazi yote imeharibika. Mwalimu aliiacha 3 kando, akaanza na ile jozi. Jumla yake ni 4. Zao lake ni 5, kwa kuwa i ikizidishwa kwa i ni −1. Jumla huingia mbele ya x kwa alama ya kutoa, zao huingia mwishoni lilivyo; basi akaandika x² − 4x + 5, na i haikuonekana tena. Wabanguaji wa korosho wa huku wanaujua utaratibu huo: ganda lina mafuta yanayobabua mikono, kwa hiyo hushughulikiwa kwanza, punje baadaye.

Kanuni hiyo ya jumla na zao la mizizi huhusishwa na Mfaransa François Viète (1540–1603), ambaye alishughulika na mizizi chanya tu. Namna ya kuzidisha namba changamano ilikuwa imeandikwa na Mwitaliano Rafael Bombelli mwaka 1572. Ubaoni pale kazi zao zilikutana katika mstari mmoja mfupi.

Akazidisha kwa x − 3, akapata x³ − 7x² + 17x − 15. Wengi huishia hapo. Lakini mizizi haisemi lolote kuhusu namba ya mbele, ile inayozidisha x³. Nukta ndiyo inayosema. Aliweka 1 mahali pa x, ikatoka −4. Inatakiwa 8, kwa hiyo yote izidishwe kwa −2:

f(x) = −2x³ + 14x² − 34x + 30

Halafu akahakiki, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Hakuchukua 3 iliyo rahisi. Alichukua 2 + i: kipeo chake cha pili ni 3 + 4i, toa 8 + 4i, ongeza 5, sifuri. Grafu aliyoichora ilishuka tu, bila kilima wala bonde, ikakata mstari wa x mara moja, kwenye 3.

Nachingwea ina chuo cha ualimu, na Ruangwa, wilaya jirani, ndiko anakotoka Kassim Majaliwa, mwalimu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanzania mwaka 2015. Lakini ustadi huu si wa walimu peke yao. Ruangwa nilimwona msichana wa kidato cha sita akipewa, kwa masharti yale yale, mizizi −1, 2 na 1 + 3i, na nukta (0, 40). Aliiunganisha jozi: x² − 2x + 10. Kisha, kabla ya kufungua bano lolote, akaweka 0 ndani ya mabano yote: 1 kwa −2 kwa 10 ni −20. Namba ya mbele ni −2. Ndipo akaanza kuzidisha, taratibu, mpaka −2x⁴ + 6x³ − 20x² + 12x + 40, na daftarini hapakuwa na kilichokatwa.