Chumvi na Chuma: Jinsi Gari la Spoti la Zamani Linavyodumu Pwani ya Kusini

Gari la spoti la zamani, yaani gari jepesi la milango miwili lililoundwa kabla ya miaka ya 1980 kwa ajili ya mwendo na wepesi wa usukani kuliko kwa ajili ya abiria wengi au mizigo, lina historia ya heshima nchini Kenya, ila historia hiyo imeandikwa na mashindano zaidi kuliko wamiliki. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya magari ya East African Safari wakiendesha Datsun 240Z, huku Shekhar Mehta akishika nafasi ya pili kwa gari la aina hiyohiyo. Na mwaka 1973, mashindano hayo yalipokuwa yameingizwa katika ubingwa wa dunia, Mehta mwenyewe alishinda kwa 240Z baada ya kulingana alama na Harry Källström. Ushindi wa namna hii ulijenga imani kwamba gari lililoivumilia Safari haliwezi kushindwa na barabara yoyote. Kwa ukanda wa Diani hadi Msambweni imani hiyo ni nusu ya ukweli tu, kwa sababu maandalizi ya Safari yalilenga mawe, vumbi na matope ya siku chache, ilhali adui wa pwani ya kusini ni chumvi na unyevu wa miaka mingi, na baadhi ya hatua zinazomshinda adui wa kwanza humfungulia mlango adui wa pili.

Ni vyema kuanza na kile kilichofanya 240Z ifae. Injini yake, iliyoitwa L24, ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393; magurudumu yake yote manne yalipanda na kushuka kila moja kivyake, kwa hiyo gurudumu moja lilipoingia shimoni halikulivuta lile la upande wa pili; na bodi yake haikukalishwa juu ya fremu tofauti, bali mabati yenyewe, yaliyokunjwa na kuunganishwa kwa madoa ya weldingi, ndiyo yaliyobeba uzito wote. Mpangilio huo hupunguza uzito, lakini huiacha mishono ya bodi ikipokea kila pigo la njia. Ndiyo maana mafundi wa mashindano ya nyakati hizo walikuwa na desturi ya kuchomelea mishono kwa urefu wake, kuongeza vipande vya chuma pale springi na shokomzoba zinaposhikia bodi, kuweka springi ngumu na ndefu zaidi ili kuinua gari, na kufunga bamba zito chini ya injini ili jiwe lisipasue karteri, yaani bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini.

Porsche 911 ilifikia lengo hilohilo kwa njia nyingine, na kwa maoni ya makala haya njia hiyo ilikuwa ya werevu zaidi. Badala ya springi za kujiviringa, gari hilo lilitumia fimbo za chuma zilizolazwa ndani ya mirija, ambazo ncha moja hukazwa kwenye bodi na nyingine hushika mkono wa gurudumu, hivi kwamba gurudumu likipanda fimbo husokoteka na kisha kujirudisha. Kuinua gari la namna hii hakuhitaji springi mpya, kwani inatosha kuichomoa fimbo, kuizungusha kwa meno machache ya ncha yake na kuirudisha. Magari mawili ya 911 SC yaliyoletwa katika Safari ya mwaka 1978 yaliinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, na Vic Preston Jr akamaliza wa pili nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Porsche haikuwahi kushinda Safari yenyewe. Fidia yake imepatikana katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanzishwa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 50 ya Safari, ambapo mwaka 2011 Björn Waldegård, akiwa na mwanawe Mathias, alishinda kwa 911.

Magari hayo ya mashindano, hata hivyo, huhudumiwa na mafundi kila jioni, na mwisho wa safari huvuliwa hadi bodi, husafishwa hadi chuma tupu na kuundwa upya. Gari la mmiliki wa Diani halina jioni za namna hiyo. Hukaa chini ya banda wiki tatu, huendeshwa Jumamosi moja, kisha hukaa tena, na uharibifu mkubwa hutokea pale linapokaa.

Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na oksijeni kwa wakati mmoja, na chumvi haihitajiki ili ianze. Kazi ya chumvi ni kuiharakisha, kwa kuwa maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi kati ya doa moja la chuma na jingine, na huvunja utando mwembamba ambao ungepunguza kasi ya uharibifu. Jambo lisilofahamika sana ni kwamba chumvi hujitafutia maji yenyewe. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kunyonya mvuke hewani na kugeuka majimaji pale unyevu wa hewa unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho usiku wa pwani hukivuka mara kwa mara, na chumvi ya bahari ina pia kloridi ya magnesi, ambayo hufanya hivyo kwa unyevu wa takriban theluthi moja tu. Maana yake ni kwamba utando wa chumvi ya bahari uliotua chini ya gari huko Diani haukauki kikamilifu, hata katika miezi isiyo na tone la mvua, na gari linaloonekana kavu juani mchana hurudi kulowa gizani bila mtu yeyote kumwaga maji.

Chumvi hiyo haifiki kwa usawa. Mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo hurusha matone madogo sana, na upepo huyabeba nchi kavu. Kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba kutoka kusini-mashariki, huchafua bahari na kuleta mengi, ilhali kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa mpole zaidi. Kiasi kinachotua hupungua upesi kadiri mtu anavyouacha ufuo, kiasi kwamba gari linalolala Ukunda, upande wa bara wa barabara kuu, hupata nafuu kubwa kuliko linalolala kwenye kiwanja kilichopakana na mchanga, na lile linalolala mjini Kwale, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari pembezoni mwa Shimba Hills, hupata mvua nyingi zaidi lakini chumvi kidogo. Mwenye nafasi ya kuchagua afadhali achague mvua. Maji matamu hutiririka na kukauka, mradi matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na vizingiti hayajazibwa na matope.

Hapo ndipo maandalizi ya mashindano yanapogongana na mahitaji ya pwani. Mshono uliochomelewa kwa urefu wake huunguza rangi upande wa ndani wa boriti, yaani mirija ya mabati inayoupa mwili wa gari nguvu, mahali ambapo brashi ya fundi haiwezi kufika, na chuma hicho kilichobaki uchi ndicho kutu huanzia. Bamba la kukinga injini, likifungwa bila mwanya wa kuoshea, hukusanya udongo wenye chumvi na kuushikilia dhidi ya bodi kama kitambaa kilicholowa. Katika 240Z, ambayo mabati yake ni membamba na hayakupakwa zinki, sehemu dhaifu zinajulikana: sinia la betri, boriti za mbele, sakafu, na pembe za bodi mbele ya magurudumu ya nyuma. Mmiliki anayetaka gari lake lifanane na la mwaka 1971 hana kosa, lakini baada ya kila weldingi hana budi kupenyeza nta ya kuzuia kutu ndani ya boriti kwa mrija mwembamba wenye pua ya kunyunyizia, na kuirudia kazi hiyo kabla ya kusi ya kila mwaka.

Porsche za 911 kuanzia toleo la mwaka 1976 ziliundwa kwa mabati yaliyofunikwa zinki pande zote mbili. Zinki hulinda kwa njia mbili, kwanza kwa kukizuia chuma kisiguswe na maji, na pili kwa kuliwa yenyewe badala ya chuma pale inapokwaruzwa. Ulinzi huo una mpaka ambao baadhi ya gereji husahau: zinki huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi 907 za selsiasi, chini sana ya joto la kuyeyusha chuma, hivyo kila mahali palipopigwa weldingi pamepoteza kinga yake, na moshi mweupe unaotoka hapo ni sumu kwa mapafu ya fundi. Kiraka kikishakamilika hupigwa msasa hadi chuma king'ae, kisha hupakwa rangi ya msingi yenye zinki nyingi. Kuficha tundu la kutu kwa pati, ile lahamu ya kusawazisha bodi, ni kosa zito zaidi kuliko kuliacha wazi, kwa sababu pati hunyonya unyevu na kuuhifadhi juu ya chuma kinachoendelea kuoza bila kuonekana.

Kuosha nako kuna somo lake. Visima vingi vilivyo karibu na ufuo hutoa maji ya chumvi kiasi, na gari linaloogeshwa kwa maji hayo kila wiki hupakwa upya kile kilichokusudiwa kuondolewa. Maji ya mvua yaliyokusanywa kwenye tangi, au ya bomba kutoka bara yanapopatikana, ndiyo yafaayo, na yaelekezwe chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kabla ya boneti. Turubai la plastiki halifai kamwe, kwa kuwa hufungia unyevu wa usiku ndani. Banda la makuti lililo wazi pande mbili hupitisha hewa na kuzuia jua, nalo ni jengo bora kwa kazi hii kuliko gereji nyingi za matofali zisizo na madirisha.

Tukija kwenye safari, jaribio la kwanza kwa anayetoka Mombasa ni foleni ya feri ya Likoni. Feni ya injini nyingi za zamani huzungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo gari likisimama huku injini ikinguruma polepole feni nayo huzunguka polepole, rejeta hukosa upepo, na petroli iliyo ndani ya kabureta huchemka kabla ya kufika kwenye silinda, hali inayosababisha injini kuzimika na kukataa kuwaka hadi ipoe. Tiba ya kudumu ni feni ya umeme yenye swichi ya joto na kikinga joto kati ya ekzosi na kabureta. Tiba ya papo hapo ni kuzima injini. Wakati wa maji kupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali zaidi na pua ndefu ya gari hukwaruza, jambo linalowafanya wenye magari ya chini kuangalia saa za maji kupwa kabla ya kuondoka. Njia ya Dongo Kundu, inayovuka kwa daraja la Mteza lenye urefu wa takriban kilomita 1.4, imewaondolea adha zote mbili, na kwa gari la umri huu kilomita za ziada si hasara.

Kutoka Likoni hadi mpakani Lunga Lunga, kupitia Tiwi, Ukunda, Gazi, Msambweni na Ramisi, ni karibu kilomita 100 za lami zilizo karibu tambarare, na shida yake kubwa ni matuta ya kupunguza mwendo, ambayo hupandwa kwa mshazari ili gurudumu moja litangulie. Njia inayopanda kutoka Kombani hadi Kwale na kuendelea Kinango ni yenye thamani zaidi kwa dereva na ngumu zaidi kwa breki. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani kupitia mipira ya mabomba, na kwa unyevu wa pwani hufanya hivyo upesi. Maji hayo hushusha joto la kuchemkia, mvuke hutokea ndani ya bomba wakati wa mteremko mrefu, na pedali huzama bila gari kusimama. Mafuta hayo yabadilishwe kila mwaka, hata kama gari limetembea kidogo, na mteremko wa kurudi Kombani ushukwe kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda.

Kwa upande wa vipuri, injini ndiyo isiyopaswa kumtia mtu hofu. L24 ni ndugu wa karibu wa L16 ya silinda nne iliyokuwa ndani ya Datsun 1600 SSS, gari lililompa Herrmann ushindi wa mwaka 1970, na mafundi waliozifungua injini za ukoo huo bado wapo. Bodi haina bahati hiyo, kwa kuwa kanuni za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka minane, na hivyo gari la pili la kukatwa vipande haliagizwi kirahisi. Kipuri cha kuagizwa mapema kuliko vyote ni cha bei ndogo: mpira unaozunguka kioo cha mbele. Ukishakauka kwa jua na kupasuka, maji hupenya nyuma ya dashibodi, hushuka hadi chini ya zulia na kutuama juu ya sakafu ambayo hakuna anayeifunua, kwa hiyo zulia linyanyuliwe kila baada ya mvua kubwa za masika, na sakafu iguswe kwa mkono.