Mfumo Uliokufa na Diski Iliyosimbwa: Data Ilivyotoka Salama

Kompyuta mpakato ilikuwa na Ubuntu, na diski yake ilisimbwa kwa LUKS tangu siku mfumo ulipowekwa. Baada ya masasisho ya kawaida ikakataa kuwaka: keneli ilisimama njiani na kuacha mstari unaotaja unknown-block(0,0). Mwenye kompyuta, mwanafunzi wa uzamili, alidhani tasnifu yake imepotea. Fundi wa kwanza akamshauri aweke mfumo upya. Hatua hiyo ndiyo ingeiangamiza data ambayo mpaka wakati huo haikuwa imeguswa.

Ujumbe ule ulikuwa umeshataja ugonjwa. Keneli imewaka, lakini haikuona diski ya kuendelea nayo, na mara nyingi sababu ni kukosekana kwa initramfs, yaani mfumo mdogo unaotangulia kuingia kwenye RAM, ukauliza nenosiri na kufungua diski. Ubuntu inapowekwa kwa usimbaji wa diski, /boot hubaki nje ya usimbaji katika sehemu yake ndogo. Keneli za zamani zikirundikana humo nafasi huisha, na initramfs mpya haikamiliki. Kilichoharibika, basi, hakikuwa hata upande mmoja na data.

Kompyuta iliwashwa kwa flashi yenye Ubuntu ya majaribio. Amri ya smartctl ilionyesha kwamba diski ni nzima. Ingekuwa na sekta mbovu, kazi ya kwanza ingekuwa kuinakili yote kwa ddrescue na kushughulika na nakala tu. Kisha lsblk -f ikaonyesha sehemu ya tatu ikiwa na alama crypto_LUKS. Hapo kichwa cha LUKS kilikuwa hai, na kabla ya jambo lingine kikanakiliwa kwa cryptsetup luksHeaderBackup.

Tusiipite haraka hatua hiyo. Nenosiri halisimbi data. Data husimbwa kwa ufunguo mkuu wa nasibu, na nenosiri hufungua tu nakala ya ufunguo huo iliyohifadhiwa katika kichwa hicho, mwanzoni mwa sehemu. Katika LUKS2 eneo hilo huwa kwa kawaida na mebibaiti 16. Clemens Fruhwirth, aliyebuni LUKS mwaka 2004, alijua kwamba diski huweza kubakiza nakala za sekta zilizofutwa, kwa hiyo ufunguo hutawanywa katika vipande 4,000 vinavyotegemeana. Ufunguo wa biti 512 huchukua baiti 256,000, na kipande kimoja kikiharibika nenosiri lile halifungui tena kitu. LUKS2 huweka maelezo ya kichwa mara mbili, lakini eneo la funguo ni moja tu. Ndiyo maana programu ya kuweka mfumo ikiandika juu ya mebibaiti chache za mwanzo, mamia ya gigabaiti yaliyobaki hayasomeki kamwe, hata kwa mwenye nenosiri sahihi. Naona ubunifu huu ni wa haki, lakini kila anayewasha usimbaji anastahili kuambiwa hilo siku hiyohiyo.

Diski ilipojaribiwa kufunguliwa, nenosiri likakataliwa. Kompyuta ilikuwa ya mtumba kutoka Uingereza, na kwenye kibodi ya huko alama ya @ na ya " hubadilishana nafasi na zile za kibodi ya Marekani, ambayo mfumo wa flashi huitumia usipoelekezwa vingine. Mpangilio ulipobadilishwa, diski ikafunguka kwa cryptsetup open --readonly.

Ndani mlikuwa na LVM, tabaka linalogawa nafasi ya diski, iliyoamshwa kwa vgchange -ay, na juu yake mfumo wa faili wa ext4. Hapa wengi hukwama. Mfumo uliozimika ghafla huacha jarida la ext4 lenye kazi isiyokamilika, na hata ukipachika kwa ro, ext4 hutaka kwanza kuandika ili kumaliza kazi hiyo. Diski iliyofunguliwa kwa kusomwa tu haikubali, na mount hushindwa. Jibu ni ro,noload, linaloliacha jarida kama lilivyo. Baadhi ya faili za dakika za mwisho huweza kuwa pungufu, lakini tasnifu ilikuwapo, ikanakiliwa kwa rsync kwenda diski ya nje.

Baada ya hapo tu ndipo mfumo ulipotengenezwa. Diski ilifunguliwa upya kwa kuandikwa, safari hii kwa jina lilelile lililoandikwa katika /etc/crypttab. Jina likitofautiana, initramfs mpya huweza kuundwa bila maelezo ya kufungua diski, na kompyuta ikakwama tena. Kwa chroot keneli za zamani zikaondolewa, kisha update-initramfs -u -k all ikafanya kazi yake.

Nakala ya kichwa ilihamishiwa mahali mbali na kompyuta. Nayo inahitaji ulinzi: mtu akibadilisha nenosiri leo, nakala ya jana bado hufungua diski ileile kwa nenosiri la zamani.