Nani Ashukuriwe? Maoni juu ya Ngoma ya Uzazi kutoka Burungu

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi umezoea kumtazama fanani, matini yake na hadhira yake. Ni mara chache mhakiki hujishughulisha na maneno yanayosemwa baada ya ngoma kwisha, yaani shukrani. Maneno hayo huhesabiwa kuwa ni adabu tu, wala si sanaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo una kasoro. Katika kazi inayohusu uzazi na ulezi, shukrani si kiambatisho bali ni mahali ambapo ukweli wa kazi nzima hupimwa.

Mfano wetu ni ngoma iliyotungwa na mwanafunzi mmoja wa kike, mzaliwa wa Burungu, huko Masisi, na kuonyeshwa mjini Goma mwaka 2024. Jina lake hatulitaji, kwa sababu ambayo msomaji ataiona baadaye.

Ngoma yenyewe

Ngoma hiyo ilichezwa na wasichana watano na ilikuwa na sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza kila mchezaji alijifunga kitenge mgongoni kama abebaye mtoto, lakini ndani ya kitenge hamkuwa na kitu. Katika sehemu ya pili ilitokea kamba ya kubebea mzigo. Kamba hiyo ilipitishwa kwenye paji la uso, kama wafanyavyo wanawake wa Kivu wanapobeba kuni au mihogo. Hapo shingo ndiyo iliyocheza, na miguu ikaifuata. Katika sehemu ya tatu kamba ileile ilibeba masufuria, godoro na bidoni la maji. Hakuna aliyesema neno, wala hapakuhitajika neno. Wengi waliokuwa ukumbini walikuwa wameikimbia nchi ya Kitshanga baada ya mji huo kutekwa na M23 mnamo Januari 2023, na mzigo wa namna hiyo waliujua kwa uzito wake.

Sehemu mbili hizo za katikati ni kazi ya kiwango cha juu. Mtungaji ameona jambo ambalo wengi wetu tumelipita kila siku njiani bila kuliona: kwamba ulezi huandikwa mwilini, na hasa shingoni. Sehemu ya nne haikufikia kiwango hicho. Wachezaji walipiga magoti, wakanyosha mikono juu, wakabaki hivyo kwa muda mrefu huku kinanda kikilia. Huyo hakuwa tena mama wa Burungu. Alikuwa mama wa picha za kalenda, asiyechoka wala kukasirika, na asiye na kazi yoyote mikononi. Mtu aliyetuonyesha shingo kwa uaminifu namna ile hakuhitaji kutuomba machozi.

Ukurasa wa shukrani

Ngoma ilipokwisha, mtungaji alisoma shukrani zake kutoka katika karatasi. Kila aliyepitia chuo kikuu katika nchi yetu anaufahamu mpangilio wake, kwa maana ni uleule wa kurasa za mwanzo za kazi zetu za kumaliza masomo: kwanza Mwenyezi Mungu, kisha wakuu wa chuo, kisha msimamizi na wasaidizi wake, kisha wafadhili, kisha jamaa na marafiki. Mwishoni kabisa, karatasi ikiwa inakunjwa, walitajwa “mama zetu wote wa Burungu, kwa kutuzaa.”

Inanipasa kukiri jambo hapa. Mwandishi wa makala haya alitajwa miongoni mwa watu wa kwanza, “kwa mashauri yake yasiyokadirika.” Mashauri hayo yanakadirika sana. Nilisahihisha tahajia ya karatasi ya matangazo, tena nikaazima kitabu kimoja. Lakini mwanamke aliyewafundisha wasichana wale jinsi shingo inavyoinama na kunyoka chini ya kamba hakutajwa popote.

Nilimwuliza mtungaji sababu. Alinijibu: “Mwalimu, yule mama alikataa. Alisema jina lake likifika mjini, litarudi kijijini pamoja na maswali.”

Jibu hilo lilibadilisha swali langu. Kabla ya hapo nilidhani kosa ni kusahau jina. Kumbe katika nchi ambayo jina la mtu laweza kumponza, kunyamaza kwaweza kuwa ndiyo heshima yenyewe. Je, mtu asiyetaka kutajwa hashukuriki?

Neno la shukrani linasema nini?

Tuyatazame maneno tunayoyatumia. “Asante,” ambayo kwetu Kongo hutamkwa “aksanti,” asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni “umetenda vyema.” Katika Kinyarwanda, kinachosemwa na watu wengi wa Masisi, mtu hushukuriwa kwa kuambiwa “urakoze,” neno linalotokana na kitenzi cha kufanya kazi: umefanya, umetenda. Lugha hizi mbili hazina undugu wa karibu, lakini hapa zinakutana. Yote mawili ni maneno yanayotaja tendo. Hayana jina ndani yake, wala cheo.

Basi, kwa ushahidi wa lugha zenyewe, kushukuru ni kutaja kazi iliyofanywa. Ukurasa wetu wa chuoni umeligeuza jambo hili. Unataja majina na vyeo kwa ukamilifu, halafu kazi unaifunika kwa sifa za jumla: mashauri yasiyokadirika, moyo wa kujitolea, msaada wa hali na mali. Mama naye hushukuriwa “kwa kutuzaa,” ingawa Waswahili walikwisha kusema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ngoma ilionyesha kulea kwa muda mrefu, kisha shukrani ikarudi kwenye kuzaa.

Funzo kutoka Walikale

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano bora. Jirani ya Masisi, huko Walikale, Wanyanga wana utendi wa Mwindo. Nakala yake mashuhuri ilipatikana mwaka 1956 kutoka kwa fanani Candi Rureke, aliyeimba, akasimulia, akaigiza na kucheza kwa siku 12. Ilichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Mambo mawili katika utendi huo yanahusu mjadala wetu.

La kwanza ni namna ya fanani. Rureke hangoji mwisho wa kazi ndipo awakumbuke watu. Anapoendelea kusimulia hujitaja mwenyewe, na hata wale wanaoandika maneno yake huwasemesha katikati ya hadithi, kwa kuwa kuandika kwao ni kazi inayoendelea pale pale mbele yake. Watu walioiwezesha sanaa hiyo wamo ndani yake.

La pili ni habari ya uzazi yenyewe. Shemwindo ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Mke mmoja anabeba mimba ya Mwindo, na kabla hajajifungua mambo ya ajabu yanatokea: kuni zinakuja zenyewe hadi nyumbani kwake, kisha mtungi wa maji, kisha mboga za porini. Ni mtoto aliye tumboni anayefanya hayo. Tuangalie vizuri ni nini anachompa mama yake. Hampi sifa. Anampunguzia kuni, maji na mboga, yaani kazi tatu zilezile zinazouchosha mwili wa mama kila siku. Naona hapa shukrani iliyotangulia kuzaliwa, nayo inazijua kazi kwa majina yake.

Mtoto anapozaliwa ni wa kiume, na wakunga wanalitambua hilo. Shemwindo anapouliza wananyamaza, mpaka nyenje anapokwenda kutoa siri. Wakunga hao hawana majina katika utendi. Hata hivyo hakuna msikilizaji anayewasahau, kwa sababu kazi yao imesimuliwa: walipokea mtoto, wakajaribu kumlinda kwa kunyamaza. Hilo ndilo jibu la swali letu. Asiyetajwa jina anashukurika, mradi kazi yake isemwe waziwazi.

Hitimisho

Mapendekezo yetu kwa mtungaji ni mawili. Kwanza, sehemu ya nne ipunguzwe, au iondolewe kabisa. Kamba ilikwisha kusema yote, na magoti hayakuongeza kitu. Pili, karatasi ya shukrani iachwe, na shukrani ziingizwe katika sehemu ya kamba, mahali ambapo deni lilianzia. Yatosha mchezaji mmoja asimame, kamba ikiwa bado pajini, aseme kwamba yuko aliyetufundisha kuinamisha shingo bila kuivunja, yuko aliyepika sombe tulipokuwa tukijizoeza, yuko aliyetulindia watoto wa jirani ili tupate nafasi uani. Hakuna jina litakalofika mjini, wala hakuna swali litakalorudi kijijini. Lakini mwanamke wa Burungu akisimuliwa ngoma hiyo, atajitambua.

Kwa wenzetu walimu na wanafunzi, pendekezo ni moja. Tunapoandika shukrani zetu, tujiulize kila mtu alifanya nini, tukakiandike hicho. Huenda orodha ikawa fupi, na baadhi yetu tukashuka nafasi kadhaa. Waswahili wana methali kwamba fadhila za punda ni mateke. Lakini pana ubaya mwingine usio na kelele, nao ni kupokea shukrani iliyokuwa ya mtu mwingine na kukaa kimya.

Mwandishi wa makala haya alisahihisha tahajia na kuazima kitabu. Ngoma hiyo ikionyeshwa tena, iandikwe hivyo.