Kofi la Tatu

Mwalimu wa darasa la kwanza huko Kabungu, mkoani Katavi, hafungui kitabu anapofundisha kugawa vitenzi. Hutamka "soma", akapiga makofi mawili: so-ma, la kwanza zito. Kisha "someni", makofi matatu, na uzito umehamia katikati: so-me-ni. Neno "mkazo" halitaji kabisa. Watoto wanausikia viganjani, na wengine nyumbani huzungumza Kisukuma, ambako kupanda na kushuka kwa sauti kuna kazi nyingine.

Kanuni ni fupi: mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kazi ni kuufuata neno linaporefuka. Ki-mbi-a, uko kwenye mbi. Ki-mbi-li-a, umesogea hadi li. Mtoto akikata "kim-bi-a", mwalimu hamkaripii. Hulirudia taratibu mpaka asikie mwenyewe kwamba mb imeshikana na i.

Kihispania hakina utulivu huu. Hablo, mkazo ukiwa mwanzoni, ni "nazungumza"; habló, ukiwa mwishoni, ni "alizungumza". Huko mkazo pekee hubadili nani na lini. Kwetu kazi hiyo hufanywa na viambishi, mkazo ukabaki kuwa mwendo wa neno.

Ila mwendo huo una nguvu kuliko tunavyodhani. Kwa nini tunasema "anakula", wala si "anala"? Mzizi -la ni silabi moja, na mkazo ungeangukia na, kiambishi cha wakati, ambacho hakiwezi kuubeba. Ndipo ku huja kuupokea. Katika "hali chakula" ku haihitajiki, kwa kuwa ha inaubeba bila shida. Nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote, na bado jambo hili hunifurahisha kila nikilifikiria.

Siku niliyokaa dawati la nyuma, mwalimu aliandika ubaoni: Simba atamla mbuzi. Ku imeondoka, maana m imeingia mahali pake. Akamwita binti mmoja mbele.

"Taratibu, mwanangu."

A. Ta. Kisha binti akafumba midomo, mmm, bila irabu yoyote, akapiga kofi la tatu kwa nguvu kuliko yote. La.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akafuta ubao.