Kabla ya Kugusa Tranki

Swichi ya mtandao iliyosanidiwa vizuri haina cha kuonyesha. Taa zinapepesa, watu wanafanya kazi, basi. Pengine ndiyo sababu ufundi huu haupati wa kuusifia, nami naona ni dhuluma.

Tuchukue ofisi ya kawaida ya kata ya Ufukoni, Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kuna kabati dogo la chuma ukutani na swichi moja ya poti 24, inayotumiwa na wahasibu, wageni wa Wi-Fi na kamera za ulinzi. Fundi anawatenganisha kwa VLAN, yaani mitandao pepe ndani ya swichi ileile, bila kununua swichi ya pili: 10 uhasibu, 20 wageni, 30 kamera. Kila poti anaipa VLAN yake, na kabla hajaiacha anaiandikia maelezo: “kamera ya mlango wa nyuma”. Hakuna anayemlazimisha. Anamwandikia fundi asiyemjua, atakayefungua kabati hilo miaka ijayo. Poti zisizo na kazi anazizima.

Kebo inayokwenda jengo la pili ndiyo tranki, nayo hubeba VLAN zote tatu. Humo kila fremu, yaani kifurushi cha data, hubandikwa alama ya baiti 4, kwa kanuni ya 802.1Q ambayo IEEE waliitoa mwaka 1998. Biti 12 za alama hiyo ni za namba ya VLAN. Namba 0 na 4095 zimetengwa, zinabaki 4094. Fremu ikifika kwenye poti ya mhasibu alama inabanduliwa, na kompyuta yake haina habari.

Utamu uko kwenye kuvusha pakiti kutoka VLAN moja hadi nyingine. Kila VLAN inapewa intafesi ndani ya swichi, yenye anwani kama 192.168.10.1, ambayo kompyuta zitaitumia kama geti, yaani mlango wa kutokea nje ya VLAN yao. Swichi nyingi za Cisco zinadai pia amri fupi, ip routing. Ukiisahau, kila mashine itaifikia geti yake vizuri kabisa na isivuke hapo; chipukizi atahangaika na kebo mchana kutwa. Ukiiweka, wote wanafikiana papo hapo, mgeni wa Wi-Fi hadi kwa mhasibu. Uzio uliojenga umeutoboa mwenyewe. Fundi makini huandika kwanza orodha ya nani apite na nani azuiwe, ndipo aiwashe.

Lakini ustadi wenyewe utauona akiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka kabati lile. Kuongeza VLAN 40 kwenye tranki kunahitaji neno add ndani ya amri. Likikosekana, orodha ya zamani inafutika, inabaki 40 peke yake, na fundi mwenyewe anaweza kukatiwa njia katikati ya kazi. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini iendayo Mtwara ilikatika Somanga. Siku kama hizo hata gari la kuifuata swichi hupati. Basi kabla ya kugusa tranki anaandika reload in 10: baada ya dakika 10 swichi ijiwashe upya na kurudia usanidi uliohifadhiwa. Anabadilisha. Anapima: geti inajibu, kamera zinaonekana, mgeni amezuiwa. Anaghairi ile amri ya kujiwasha, kisha anahifadhi. Wapo wanaohifadhi kwanza wakapima baadaye. Hao waulize nauli ya basi la Mtwara, wanaijua hadi senti.